Uso wa Baada ya Kata

“Umefika wapi, mpenzi?”

Alisimama mlangoni mwa chumba cha kuhariri na vikombe viwili vya chai, anatabasamu. Darasa zima lilimwita Jicho, kwa sababu nyuma ya kamera hakuwa na mpinzani. Mimi waliniita Mkasi. Tulikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya filamu, na mipango ilishapangwa: yeye anapiga picha, mimi nahariri, tukihitimu tunafunga ndoa na kufungua studio yetu. Mama yangu alishaanza kumwita mkwe.

Nikamwambia nimebakiza mwisho tu, nao umenitoa jasho. Filamu yetu ya mtihani ilimhusu mke anayemsubiri mume aliyepotea. Siku moja mlango unagongwa, anafungua, ni yeye. Hakuna maneno pale, ni uso tu. Na uso huo mwigizaji wetu, binti wa darasa la maigizo, hakuupata. Mwongozaji alimrudisha mlangoni mpaka sote tukachoka, na kila mara alitoa sura ya mtu anayepokea risiti dukani.

Jicho akaweka chai mezani, akanibusu kwenye paji la uso.

“Malizia basi. Ukimaliza, kuna jambo nataka tuongee.”

Mimi huyo, kichwa kichwa, nikajua ni tarehe ya harusi. Hata hajafika mwisho wa korido nimeshamwandikia mama: “Jiandae mama, nadhani siku imekaribia.”

Akajibu papo hapo: “Mwanangu, mimi nilishajiandaa kitambo. Kitambaa kiko kwa fundi.”

Nikavifungua tena vipande vya siku ile ya mlangoni, safari hii nikavitazama hadi mkiani. Mwongozaji akisema “kata”, kamera haijizimi. Inazimwa na mpiga picha, akikumbuka. Na anayeyaangalia mabaki ni mhariri peke yake.

Kwenye kipande cha mwisho “kata” ilisikika vizuri, watu wakatawanyika kwenda kunywa maji, kamera ikabaki inafanya kazi. Mwigizaji akaegemea mlango, akashusha pumzi. Kisha akainua macho, akamtazama mtu aliye nyuma ya kamera. Jamani, uso ule tulioutafuta siku nzima ukaja wenyewe.

Nilifurahi. Naapa nilianza kwa kufurahi, kikazi kabisa, hadi nikapiga meza. Ndipo binti akafungua mdomo.

“Umeshamwambia?”

Sauti iliyomjibu ilitoka karibu kabisa na kamera. Sauti ile naijua hata nikiwa usingizini.

“Bado. Akijua sasa hivi ataiacha filamu njiani. Ngoja kwanza amalize kuhariri.”

“Namwonea huruma.”

“Hata mimi. Lakini hakuna anayehariri kama yeye.”

Nikarudisha nyuma, nikasikiliza upya, kana kwamba mara ya pili wangesema jambo jingine. Kisha nikalia, sitaki kukuficha, nililia hadi makamasi. Kuachwa watu huachwa, hilo ningelibeba. Kilichoniuma ni ile chai, na lile busu la kwenye paji. Kumbe nilikuwa napakwa mafuta kwa mgongo wa chupa ili kazi iishe.

Nilitaka kuifuta filamu yote. Kidole kilishafika kwenye kitufe, kikakwama. Miaka yangu ya chuo ilikuwa humo ndani, na ndiyo kazi ambayo ningeenda nayo kwa watu kuomba ajira. Nikifuta, wao watapendana tu, mimi nitabaki sina mchumba wala cheti.

Nikajikaza kisabuni. Nikachukua uso ule, nikauondolea sauti, nikauweka mwisho wa filamu. Ulikaa pale utadhani ulizaliwa pale. Nikamwandikia Jicho: “Nimemaliza. Yale mazungumzo tuyaweke baada ya onyesho.”

“Hata mimi nilitaka hivyo,” akajibu. “Sijui ningefanya nini bila wewe.”

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa. Mama alikuja na gauni jipya, akaketi pembeni ya Jicho, akawa anampangusa vumbi begani kama mwanawe. Filamu ikaenda mpaka mlangoni. Mlango ukafunguliwa, uso ule ukajaa skrini nzima, na nikasikia watu wakivuta pumzi. Jicho hakupiga makofi. Aliinamisha kichwa.

Kisha tukaitwa mbele mmoja mmoja kutetea kazi zetu. Mwalimu wa uhariri, mama mtu mzima asiyesifu ovyo, aliniuliza uso wa mwisho niliupata wapi, maana ule si uigizaji.

“Kwenye mabaki, Mwalimu. Baada ya kata. Alikuwa anamtazama mpiga picha.”

Wanafunzi wakageuka kumwangalia Jicho, kisha wakaniangalia mimi. Mwalimu hakuwa na habari na mambo yetu, akaendelea na swali lake.

“Na ulijuaje kwamba ndio wenyewe?”

Ningeweza kukwepa, nikataja mwanga wa picha ile.

“Kwa sababu ndivyo na mimi ninavyomtazama.”

Nikamwona mama akiuondoa mkono wake begani mwa Jicho, polepole, akauweka mapajani.

Nje Jicho alinikimbilia, akalalamika kwamba nimemdhalilisha, kwamba tungeongea wawili kama watu wazima.

“Si ulimwambia angoje kwanza nimalize kuhariri?” nikamwambia. “Nimemaliza.”

Nyuma yake yule binti alisimama anajikunyata, hathubutu kusogea, na nilipomtazama nikaona hata kumchukia siwezi.

Nilipata alama za juu za uhariri. Jicho naye alipata za juu za upigaji picha, kwa ajili ya uso uleule.

Nikarudi nyumbani na mama. Tulipofika getini akasimama, akalinyoosha gauni lake.

“Hili nitalivaa tena kwenye mahafali yako,” akasema, na sauti ikamkatika. Nikamshika mkono tukaingia ndani.