Jina Chini ya Hadithi

Marceline aliacha mistari kumi na miwili kwenye kaye, daftari lake, akatoka uani kugeuza ndagala, dagaa alioanika juani. Aliporudi, mistari ilikuwa kumi na mitatu.

Aliihesabu kwa kidole, polepole, kama anavyohesabu punje za rozari. Mstari wa mwisho ulikuwa wa wino uleule wa bluu, na herufi zake ziliegemea kushoto kama za mkono wake. Ulisema: *Na mwanamke wa ng'ambo ya njia aliamka siku ya tatu bila sauti.*

Hadithi yake haikuwa na mwanamke wa ng'ambo ya njia. Ilikuwa hadithi ya mumewe, Déogratias, fundi wa depo ya reli, aliyekufa kwa homa ya kifua miezi saba kabla. Marceline akasema moyoni kwamba huzuni inamsahaulisha mambo, bila shaka ameuandika yeye mwenyewe. Kisha akausoma tena, akaona kwamba ulikuwa mzuri kuliko yote kumi na miwili iliyoutangulia.

Hakuufuta.

Huo ulikuwa mwaka wa sabini na sita, pale Kalemie. Kila Alhamisi saa nane mchana, mji ukiwa umelala kwa joto, watu sita walikutana katika chumba cha kusomea cha parokia kufundishwa na Papa Norbert namna ya kutunga hadithi. Papa Norbert alitoka Kasai. Alikuwa amechapisha vitabu viwili vyembamba, na hakujivuna kwa hilo.

"Mimi nilifundishwa na watu waliotangulia kuchapishwa," alizoea kusema. "Walinionyesha kazi kama fundi anavyomwonyesha mwenzake. Nakili ukurasa wa kitabu kizuri kwa mkono wako, kila siku. Halafu funga kitabu, andika wako. Na usiniambie kwamba mama alilia. Niambie alifanya nini na kikwembe chake."

Marceline alinakili kurasa zote alizopewa. Alikuwa na shule ya msingi tu na katekisimu, lakini hakukosa hata siku moja. Aliyemshinda alikuwa Hortense.

Hortense alikuwa mke wa mchuuzi wa ziwani, mtu wa upande wa Baraka, na nyumba yake ilitazamana na ya Marceline. Alikuwa na mume anayerudi na kucheka mlangoni. Alikuwa na watoto wanne, wa mwisho akiitwa Emile, ambaye hata meno hayajamaliza kuota. Alhamisi iliyotangulia mstari ule, Hortense aliposoma hadithi yake, ya mama anayekunja nguo za mtoto aliyekua, Papa Norbert alivua miwani, akaiweka mezani. Marceline alipiga makofi pamoja na wengine. Viganja vilimuuma. Ana kila kitu, aliwaza, na sasa hata maneno yamekwenda kulala kwake.

Siku ileile Papa Norbert aliwaambia kwamba gazeti dogo la hadithi huko Lubumbashi limekubali kuchapa hadithi moja kutoka Kalemie. Moja tu. Kila mtu achague jina la kuweka chini ya hadithi yake, na liwe jina la mababu, kwa kuwa majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa na serikali.

"Andika Mulonda," alisema Marceline.

"Njo jina lako hilo, Mama?"

"Njo la bwana wangu."

Papa Norbert, mtu wa mbali, aliandika. Wenyeji wa ziwa waliokuwa mle chumbani waliangalia chini. Kwao jina la mtu mzima aliyekufa haliokotwi. Linangoja mpaka matanga yaishe, ndipo mtu wa ukoo wake anaketishwa juu ya mkeka, anapakwa unga mikononi, anaitwa kwa jina lile, na marehemu anapumzika. Kabla ya siku hiyo halivaliwi na yeyote, sembuse mjane, maana yeye anatakiwa kufunguliwa kutoka kwa mumewe, si kujivika jina lake. Ukoo wa Déogratias ulikuwa umemchagua mdogo wake, Gaspard, lakini Gaspard alikuwa kwenye kiwanda cha saruji Kabimba, hajapewa ruhusa.

Marceline aliyajua yote hayo. Lakini yeye na Déogratias hawakuzaa. Aliona kwamba jina likichapwa katika gazeti, likasomwa miji yote, mumewe hatakuwa mtu aliyepita bure. Hilo tu ndilo alilomwomba Mungu mwaka ule, na aliliomba kila asubuhi misani.

Siku ya tatu baada ya mstari ule, Hortense aliamka bila sauti.

Alikuja darasani na kitambaa shingoni, akicheka bila mlio, na wengine wakamtania. "Bwana wake atapumzika sasa!" alisema mmoja. "Leo tutasoma na sisi." Marceline naye alicheka. Jioni alipiga magoti akaungama kwa Mungu kwamba alifurahi kidogo, na alipokuwa akiungama alijua kwamba si kidogo.

Kuanzia hapo mistari iliongezeka. Alikuwa akiandika asubuhi, anaiacha kaye mezani, anakwenda sokoni, na akirudi anakuta mistari mitatu, minne. *Mwanamke wa ng'ambo ya njia alipika, na chakula kikawa na uchungu.* Kesho yake mume wa Hortense alisikika akigomba juu ya sufuria. *Mwanamke wa ng'ambo ya njia aliita watoto kwa mkono, na mmoja hakugeuka.* Kesho yake mtoto wa pili akampa mama yake mgongo. Mistari ilikuwa mizuri, mifupi, hakuna aliyelia ndani yake, kila mtu alifanya jambo na mikono yake. Marceline alipoisoma darasani, Papa Norbert alivua miwani.

"Mama Marceline," alisema, "nani amekufundisha hii?"

"Njo wewe, Papa."

"Mimi? Mimi sijaweza bado."

Usiku ule alilala usingizi mzuri. Lakini mchana uliofuata, saa ya joto, wakati hata kuku wamejificha chini ya ghala, alikuwa jikoni akichambua maharagwe aliposikia kutoka chumbani mlio wa kalamu inayokwenda juu ya karatasi, taratibu, inasimama, inakwenda tena, na pamoja nao ikaja harufu ya mafuta ya mashini na sabuni ya kipande, harufu ya Déogratias anapotoka kazini, ambayo kwa miezi saba aliitafuta katika mashati yake yote bila kuipata, na hakusimama, si kwa woga tu bali kwa sababu sehemu moja ya moyo wake ilikuwa ikisema, mwache amalize, usimkatize, mwache amalize.

"Déo?" aliita kwa sauti ndogo.

Kalamu ilisimama.

"Ni wewe?"

"Niko," ilijibu sauti kutoka chumbani. Ilikuwa sauti ya mumewe, lakini ilisema neno lile kama mtu anayelinakili. "Unamwangalia sana yule mwanamke. Mimi pia ninamwangalia."

Marceline alifanya ishara ya msalaba. Hakuingia chumbani. Lakini Jumatatu, Papa Norbert alipopita kuchukua kaye ili apige hadithi kwa mashini ya kuchapa, alimpa. Hakuifungua kwanza kuona mwisho wake.

Alhamisi Papa Norbert aliingia akitabasamu.

"Nimechagua. Hadithi ya Mulonda. Imeondoka na treni ya jana." Akamgeukia Marceline. "Na mwisho ule, Mama! Nilipoupiga kwa mashini vidole vilikuwa baridi. *Mtoto wa mwisho wa yule mwanamke alilala saa nane mchana, na mama yake akakunja nguo zake.*"

Marceline hakuwahi kuiona sentensi hiyo.

"Hortense yuko wapi?" aliuliza.

"Hamna habari?" alisema jirani mmoja. "Kale katoto, Emile. Kamelala jana mchana, mpaka sasa hakajaamka. Kanapumua tu."

Marceline aliondoka bila kuaga, akapanda kilima hadi kwa Mama Bertille, mjane wa katekista, aliyezaliwa Mpala na kuongoza kikundi cha sala. Mama Bertille alimsikiliza mpaka mwisho huku akimenya muhogo.

"Déo wako alikuwa muntu muzuri," alisema. "Alipakwa mafuta matakatifu, amelala. Huyo si yeye. Uliacha jina wazi kama nyumba bila mulango, na wewe mwenyewe ukasimama kizingitini unaita. Kuna majini ziwani humu yasiyo na jina tangu mwanzo. Limoja limeingia. Na sasa linakula nini?"

Marceline aliokota ganda moja la muhogo.

"Nakuuliza, mwanangu. Linakula nini?"

"Wivu wangu," alisema Marceline. "Nilimuonea wivu Hortense."

"Basi utasema hivyo mbele yake."

Walimtumia Gaspard ujumbe kwa lori la saruji, naye akafika Jumamosi asubuhi na vumbi jeupe katika nyusi. Mkeka ulitandikwa nyumbani kwa Marceline, mlango wazi, jua likiingia. Hortense aliletwa na mtoto begani, kichwa chake kikining'inia kama cha mwanasesere. Kaye, iliyorudishwa na Papa Norbert, ilikuwa mezani. Mama Bertille alianzisha Baba Yetu, na walipofika pale panaposema utuokoe maovuni, kurasa zilianza kujifungua zenyewe, moja baada ya moja, pasipo upepo, ile harufu ya mafuta na sabuni ikajaa chumbani mpaka Gaspard, aliyejua harufu ya kaka yake, akaanza kulia huku amekaa wima, na kutoka chumba cha ndani sauti ikasema Marceline, Marceline, si uliniita, si tulikuwa tunafanya kazi pamoja, nani mwingine atakuandikia, na Marceline alihisi kila neno likimvuta kwa nyuma kama mkono katika kikwembe, akajua kwamba asiposema sasa hatasema kamwe.

"Hortense," alisema, "nilitaka uteseke. Niliona mistari, niliona inatimia, sikufuta. Nilikuonea wivu kwa mumeo, na watoto, na maneno yako. Nisamehe."

Hortense hakuwa na sauti ya kujibu. Alimtazama tu, macho makavu, akimshikilia mtoto.

Mama Bertille alimpaka Gaspard unga mikononi. "Mulonda," alimwita. "Mulonda, karibu." Gaspard akaitika. Kaye ikatupwa katika jiko la makaa, ikaungua na moshi mweusi mnono, kama wa mafuta. Na mtoto Emile akakohoa, akafungua macho, akaomba maji.

Watu wakapiga vigelegele. Mama Bertille hakupiga.

"Kuna karatasi ingine?" aliuliza.

Papa Norbert, aliyesimama mlangoni, alisema kwa woga, "Ile niliyotuma. Ina maneno yote. Ina lile jina."

"Irudishwe. Jina likisomwa huko, na watu wakaliita, jini litapata nyumba kubwa kuliko hii. Na mtoto hajapona, ameachiliwa tu. Leo, kabla posta haijafunga."

"Nitakwenda mimi," alisema Marceline. "Ni mimi niliandika."

"Tuma telegramu, Mama," alisema Papa Norbert. "Wakizuia ile, nitawapelekea ya Hortense. Iko tayari."

Posta ilifunga saa sita Jumamosi. Alifika ikiwa imebaki robo saa. Mbele yake kulikuwa na watu wawili, kisha mmoja, kisha akawa yeye mbele ya dirisha na fomu na kalamu iliyofungwa kwa kamba. Aliandika anwani ya gazeti. Aliandika: ZUIENI HADITHI YA. Kalamu ikasimama.

Hakuna aliyemshika mkono. Hakukuwa na harufu yoyote ila ya gundi na jasho la watu. Alikuwa peke yake na akili yake timamu, naye aliona gazeti lile likifika, likifunguliwa, na ndani yake nguo za mtoto zikikunjwa na Hortense, jina la Hortense chini yake, na watu wa Kabalo, wa Kamina, wa Lubumbashi wakilisoma. Na Mulonda hakuna mahali. Gaspard amelichukua na vumbi lake la saruji. Mtoto amekwisha kuamka, aliwaza. Amekunywa maji, nimemwona kwa macho yangu. Jina limepewa mwenyewe. Kilichobaki ni wino.

"Sitwayene," alisema karani, akimwita mwananchi kama serikali ilivyoagiza, "unaandika ao unasali? Tunafunga."

Marceline alikunja fomu mara nne, akaiingiza kifuani, karibu na medali ya Bikira Maria.

"Nitarudi Jumatatu," alisema.

Hortense alikuwa akimngoja njiani, Emile mgongoni, mashavu yake bado ya moto. Alijitahidi, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma matatu sauti ikatoka, nyembamba, ya kukwaruza.

"Mama Marceline. Umetuma?"

"Nimetuma."

"Mungu akubariki, dada yangu," alisema Hortense, akamshika mkono, akaanza kulia.

Marceline aliingia nyumbani kwake. Mkeka ulikuwa umekunjwa, jiko limepoa. Alifunga mlango, akavua viatu, akajilaza kitandani upande wake, uso ukutani, jua la saa nane likiwa limesimama dirishani. Kwa muda mrefu alisema Salamu Maria bila kufika mwisho. Halafu akaiacha, akasema kwa sauti ya chini, kama mke anayempa mumewe habari za siku:

"Hadithi haikurudishwa."

Na nyuma yake, taratibu, kama mtu aliyechoka kusimama, kitu kikakaa, na godoro likazama.