Tranka Lisilojaa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda bombani, Dina alipiga magoti mbele ya tranka lake la bati akahesabu vitu vya shule. Ndani mlikuwa na shuka mbili za bluu, miche miwili ya sabuni, madaftari kumi na viatu vyeusi. Viatu hivyo alikuwa amevijaribu mara nyingi mno, hadi Getrude akamwambia vitachakaa kabla havijafika shuleni.

Dina alikuwa na miaka kumi na minne. Alikuwa amefaulu darasa la saba na kuchaguliwa kwenda shule ya bweni, safari ya siku nzima kwa basi kutoka Mpanda. Alitakiwa kuripoti Jumatatu. Barua ya shule haikuficha kitu: mwanafunzi atakayefika na vifaa pungufu atarudishwa nyumbani.

Jumanne, shuka moja haikuwemo.

"Mama, umeona shuka yangu?"

Mama alikuwa uani akichambua maharage. Hakuinua kichwa. "Tafuta vizuri, mwanangu. Vitu havina miguu."

Jumatano ukapotea mche mmoja wa sabuni. Alhamisi, Dina alipofunua tranka, viatu vilikuwa vimetoweka. Zilibaki siku tatu tu aanze safari, na tranka, badala ya kujaa, lilikuwa linapungua.

Sasa nani? Pale nyumbani, kijijini Kakese, walikuwa watatu tu: mama, Dina, na Getrude, binti wa mama mkubwa. Kwao Getrude ni Kasansa, ambako mvua zikikolea mto hukata njia ya shule, ndiyo maana alikuja kusoma darasa la sita hapa. Alilala kitanda kimoja na Dina. Kikulacho ki nguoni mwako, Dina alijisemea.

Tangu hapo, kila alichofanya Getrude kilimtia shaka. Akifua, Dina alinusa sare yake kama inanukia ile sabuni. Akienda nyuma ya nyumba, Dina alimchungulia dirishani. Akiimba, ulikuwa wimbo wa mwizi. Akinyamaza, ndiyo kabisa. Mtu akishakushuku, hata chafya yako huwa ushahidi. Dina alifika hadi kupekua mkoba wake. Hakukuta kitu, na badala ya kutulia akazidi kuamini kwamba Getrude ni mjanja.

Jioni hiyo walipokaa kula ugali, alishindwa kuvumilia.

"Mama, mwizi wangu nalala naye kitanda kimoja."

Tonge lilimdondoka Getrude. "Mimi? Haki ya Mungu, dada Dina, sijagusa kitu chako!"

"Viatu vimekwenda wapi? Si wewe uliyesema vitachakaa kabla havijafika shuleni? Mama, huyu arudi kwao Jumamosi."

Wote wawili walimgeukia mama. Mama alikoroga mchuzi ambao ulikuwa umeshapakuliwa.

"Tutaona," alisema mwishowe.

Getrude alinyanyuka, akaingia chumbani na kuanza kukunja nguo zake. "Nitarudi mwenyewe, mama mdogo," alisema kwa sauti ya kilio. "Siwezi kukaa mahali ninapoitwa mwizi."

Ijumaa asubuhi Dina alitaka ushahidi wa mwisho. Mama alipokwenda kupalilia mahindi, Dina alichota majivu jikoni akayanyunyiza sakafuni kuzunguka tranka. Kisha akamwita Getrude waende wote bombani, na huko hakumwacha hata hatua moja.

Waliporudi na ndoo zao, majivu yalikuwa yamekanyagwa.

Dina aliinama. Zilikuwa nyayo pana, zenye mistari ya tairi la gari. Katambuga! Pale nyumbani katambuga zilikuwa jozi moja tu, za marehemu baba, na mama ndiye aliyezivaa kwendea shambani ingawa zilimzidi miguu. Getrude naye aliziona. Alimtazama Dina. Dina aliona haya hadi masikio yakamwaka moto.

Walizifuata nyayo hadi nyuma ya jiko, penye kihenge cha mahindi. Mama alikuwa amezamisha mkono humo hadi begani, anaficha madaftari.

"Mama!"

Mama alishtuka. Aliwatazama, akaketi juu ya kinu.

"Kaka yako Cletus alikwenda Mwanza kwa mwezi mmoja," alisema. "Huu mwaka wa tatu. Danford naye, kaka yako mwingine, yuko jeshini, nasikia sauti yake Krismasi na Pasaka. Wewe ndiye wa mwisho. Siku ulipochaguliwa nilicheza hapa uani, majirani wote waliniona. Kisha nikaingia jikoni nikalia. Nataka uende, Dina. Nataka sana. Lakini kila nikiona tranka linajaa, mkono unanituma nilipunguze. Nilisema nipate hata wiki moja zaidi."

"Ningerudishwa, mama!" Dina alilia kwa hasira. "Ningekosa shule!"

"Na mimi ningerudi Kasansa," Getrude alisema polepole. "Na ulijua, mama mdogo."

Neno hilo lilimchoma mama kuliko yote. "Nilijua," alijibu. Alisimama, akamshika Getrude mikono yote miwili. "Nisamehe, mwanangu." Kisha akamgeukia Dina. "Sikilizeni nyie wote. Dina, ulimhukumu mwenzako kwa kumshuku tu, hilo ni kosa. Langu ni kubwa zaidi. Niliujua ukweli nikanyamaza. Anayenyamaza mwenzake akisingiziwa, naye amesingizia. Na ukimpenda mtu, usimfungie njia. Moyo ukiuma, useme. Ningesema tu, tungelia wote, yakaisha."

Dina alimwomba Getrude msamaha huku ameinamisha kichwa.

"Nimekusikia," Getrude alijibu tu. Lakini jioni alizirudisha nguo zake mahali pake.

Jumamosi walifungasha wote watatu. Mama alirudisha kila kitu kutoka kwenye kihenge, akapangusa viatu vumbi la mahindi. Getrude aliongeza mfuko wa karanga alizokaanga mwenyewe. Tranka lilijaa hadi likakataa kufungika, ikabidi Getrude alikalie huku akicheka.

Mama alichukua kufuli jipya lenye funguo mbili.

"Kuna kitu nataka kubaki nacho," alisema. "Safari hii naomba, siibi. Nipe ufunguo mmoja. Ukirudi likizo, nikufungulie mimi."

Dina alimpa. Mama aliufunga kwenye pindo la kitenge chake, akalikaza fundo. Kisha akainama, akalifunga tranka kwa mkono wake mwenyewe.