Wizi wa Maji Machafu

Jokofu la maabara lilikuwa wazi, rafu za chini zikiwa tupu. Kitasa cha mlango hakikuwa na hata mkwaruzo.

"Wameiba nini?" Inspekta aliuliza.

"Maji," mhadhiri alijibu, kama anayeona haya.

"Maji machafu," mwanafunzi wake alimsahihisha. "Nimeyachota baharini, nyuma ya kiwanda cha rangi. Ndiyo utafiti wangu wote."

Alikuwa binti mwembamba, macho makavu. Alikuwa akisomea sheria na mazingira ya bahari.

"Sheria inakataza kumwaga sumu baharini," alisema. "Kiwanda kinaapa hakimwagi. Maji yale yangewasuta."

"Nani ana ufunguo wa hapa?"

"Mimi na yeye tu," mhadhiri alisema.

"Basi mwizi ni mmoja wenu, au mtu wa kwenu."

Mtaalamu wa uchunguzi wa jinai alikuwa amechuchumaa kando ya jokofu, akiokota vigae vya kioo kwa koleo.

"Alama za vidole?" Inspekta alimuuliza.

"Zimefutwa, Afande. Ila mwizi amevunja chupa ya asidi ya nitriki, akajaribu kuipangusa. Hii ikigusa ngozi huipaka manjano. Sabuni haiitoi, mpaka ngozi ibambuke."

Inspekta aliwageukia wale wawili. "Nionyesheni mikono."

Ya mhadhiri ilikuwa safi, na ya binti pia.

"Unaishi na nani?"

"Na kaka yangu. Wazazi walipofariki, yeye ndiye aliyenilea."

"Anafanya kazi wapi?"

Binti alisita. "Kiwandani. Fundi wa pampu."

Akampeleka Inspekta nyumbani kwao.

Kaka mtu aliwafungulia mlango, akamsalimia Inspekta kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mfukoni.

"Huo mwingine una nini?"

"Umeumia kidogo, Afande."

"Utoe tuupe pole."

Akautoa polepole. Vidole vitatu vilikuwa manjano, kama vilivyochovywa kwenye bizari.

Kituoni kaka mtu alikaa akitazama meza. Dada yake aliomba kuwepo, na Inspekta akamruhusu.

"Ufunguo uliupata wapi?"

"Kwenye mkoba wake. Alikuwa anaoga."

"Chupa ziko wapi?"

"Nimemwaga yote chooni."

"Nani alikutuma?"

"Hofu. Koki ya bomba linalomwaga sumu baharini ninaifungua mimi. Meneja ndiye anayeniamuru, kwa mdomo tu. Aliposikia habari za utafiti akaniita. Akasema, maji yale yakifika mahakamani, utakaoonekana ni mkono wako, mdomo wangu hautaonekana. Nikajiona nafungwa, na anayenifunga ni mtoto niliyemlea."

"Ungeniambia, Kaka," binti alisema.

"Ungeacha?"

"Nisingeacha."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Binti alijifuta uso kwa kiganja, mara moja tu.

"Na sasa je?" alimuuliza. "Utaendelea kumfichia meneja siri?"

Yule fundi alivitazama vidole vyake. Kisha akainua kichwa, na kwa mara ya kwanza akamkazia Inspekta macho.

"Andika, Afande. Maabarani nimeiba mimi, na koki nimefungua mimi. Nishtaki kwa yote mawili. Lakini andika na jina la meneja. Na ramani ya kiwanda msiiamini, bomba hilo halimo. Liko chini ya gati, nitawaonyesha. Akitaka kunizika, tutazikwa wote."

"Unajua utalala ndani?"

"Najua. Nimechoka kulala nje nikiwa na woga."

Inspekta alimwita askari amchukue maelezo. Alipogeuka, binti alikuwa amesimama mlangoni.

"Nikachote tena," alisema. "Safari hii nataka shahidi. Nipe askari mmoja, Afande, nichote mbele ya macho ya serikali, tuone nani atathubutu kuiba."

Inspekta alichukua kofia yake mezani.

"Askari wa nini?" alisema. "Twende mimi na wewe."