Mahali Patatu Pasipopimwa

Kwa jina la Mola aisikiaye sauti ya aliyefungiwa ndani na kilio cha aliye peke yake, naianza habari hii. Namwomba anikinge na kuzidisha na kupunguza, kwani ni habari ya damu, na damu haifai kupambwa.

Kwanza niwapange watu wake. Alikuwapo msichana wa miaka kumi na mitatu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwepesi kwa sababu ya mbio zake. Aliishi na shangazi yake, mtunga programu za simu, na ami yake, fundi wa kuchomelea vyuma. Karakana ya ami ilikuwa mwisho wa mtaa: banda la mabati juu, mabati ubavuni, na mafundi kumi na mmoja ndani. Tena walikuwapo wahalifu walioitwa Minyororo, kwa silaha waliyopenda kupigia watu.

Kila asubuhi kabla ya shule, Mwepesi alifagia chumba cha shangazi, kisha akazitia chaji simu sita za majaribio na kuzipanga mezani. Kazi hiyo ilizaliwa na msiba. Minyororo, kabla ya kuvamia, walikata nyaya za mnara wa simu, mtaa ukawa bubu. Kisha waliingia mchana kweupe, wakavunja maduka na viungo vya watu. Fundi simu mmoja akaweka mtambo dukani kwake, ili jumbe zote za mtaa zipitie hapo bila kuuhitaji mnara. Ulifaa miezi miwili. Mwezi wa tatu walimjia, wakaubeba mtambo, wakasoma humo majina ya waliotoa taarifa. Fundi simu walimpiga minyororo mlangoni pake mpaka akafa, mkewe akiona. Waliotajwa walifuatwa nyumba kwa nyumba, na mshona viatu akavunjwa mikono yote miwili.

"Hatutaki tena mtambo mmoja wa kubeba siri za watu wote," shangazi alisema baada ya maziko. "Kila simu ijitegemee, zipelekeane jumbe zenyewe kwa zenyewe."

Kilichobaki kilikuwa kuchagua itifaki, yaani mapatano ambayo simu huyafuata zinaposemezana. Shangazi alikuwa nazo mbili. Ya kwanza iliurusha ujumbe kwa simu za jirani, nazo zikaurusha mbele papo hapo, kisha zikausahau. Ilikuwa ya haraka, lakini simu isiyofikiwa wakati ule haikufikiwa tena. Ya pili iliufunga ujumbe kwa siri, na kila simu ikaubeba na kuukabidhi kwa kila simu iliyokutana nayo, hata baada ya nusu saa, mpaka wote wakaupata. Hiyo ilikuwa ya polepole na ilikula betri.

"Mimi ya kwanza," ami alisema jioni moja. "Jamaa wale hawatupi nusu saa."

"Hata mimi naipenda, kaka, lakini sichagui kwa kupenda. Mwepesi atapima mahali arobaini mtaani. Ujumbe ukifika kote, tunaichukua ya kwanza. Ukikosa hata mahali pamoja, tunachukua ya pili."

Ami akacheka. "Basi tumekwisha. Huyu nikimtuma msumari huniletea hadithi."

"Ami, lakini ndani ya hadithi msumari huwamo," Mwepesi akajibu.

Kwa siku mbili alipima mahali thelathini na saba, na kila mahali akaandika: umefika. Palibaki patatu, pote ndani ya karakana ya ami. Siku ya tatu wenzake walimwita kwenye mashindano ya mbio uwanjani. Alilitazama jedwali lake, akajiambia kwamba ujumbe uliofika mlangoni hauwezi kushindwa kuingia ndani. Akaandika "umefika" mara tatu, akakimbia uwanjani, akashinda.

"Ndani ya karakana ulipima?" shangazi aliuliza.

"Nilipima, shangazi."

Itifaki ya kwanza ikachaguliwa, ikatiwa katika simu za mtaa mzima.

Siku ya kumi na mbili baada ya hapo, saa nane mchana, nyaya za mnara zilikatwa. Muuza mkaa aliyekaa mwanzo wa mtaa alituma neno moja: wanakuja. Kufumba na kufumbua simu zililia kila nyumba, watu wakakomea milango. Mwepesi alichungulia dirishani. Aliwaona Minyororo wakipita milango iliyofungwa, wakitukana na kuburuta minyororo barabarani, hadi kwenye mlango mmoja tu uliokuwa wazi. Ndani ya karakana mashine zilinguruma, na hakuna simu iliyolia.

Alisikia mlio wa chuma juu ya chuma, kisha mlio mwingine, mzito, ambao haukuwa wa chuma juu ya chuma. Watu walilia wakitaja mama zao. Minyororo walipoondoka, damu ilikuwa imetiririka hadi kizingitini. Ami alivunjwa bega na kupasuliwa kichwa. Fundi mpaka rangi wa karakana, baba wa watoto wanne, hakuamka tena.

Kwa siku mbili shangazi hakula. Aliipekua programu yake mstari baada ya mstari, macho mekundu.

"Kuna kosa nililolifanya," alisema. "Mtu amekufa kwa mkono wangu, nami silioni."

Mwepesi alisimama mlangoni.

"Shangazi, usitafute tena. Karakana sikupima. Niliandika tu, nikaenda kwenye mbio."

Shangazi hakumpiga wala hakupaza sauti. Aliufunika uso kwa mikono yake, kisha akamkabidhi simu mbili. "Twende."

Walipima ndani ya karakana, doa jeusi likiwa bado sakafuni. Mahali pa kwanza ujumbe haukufika. Pa pili haukufika. Pa tatu haukufika. Mabati yaliuzuia kila upande.

Basi wakaichukua itifaki ya pili. Kwa kuwa ilikuwa ya polepole, waliweka mlinzi mbali zaidi, kule darajani, na muuza maji akaahidi kuingiza mkokoteni wake karakanani kila baada ya dakika chache, simu ikiwa mfukoni. Mwepesi alipima mahali pote arobaini, mara nne, na penye kukosa akaandika: haukufika, mpaka shangazi aliporekebisha.

Kisha alikwenda kwa mjane wa mpaka rangi, akamwambia yote.

"Leo sina neno la kukupa," mjane alisema. "Kesho njoo unisaidie kuteka maji."

Alikwenda kesho yake, na kila siku iliyofuata.

Minyororo walirudi. Mlinzi wa darajani alituma ujumbe. Dereva wa lori mwenye programu hiyo, aliyepita hapo, akaondoka nao simuni mwake bila kujua, na ulipofika penye mtandao ukaingia kituo cha polisi, kama shangazi alivyoupanga. Huku mtaani, muuza maji aliingia na mkokoteni wake, na simu kumi zikalia chini ya mabati. Mafundi wakalifunga lango. Wavamizi walilipiga kwa mashoka mpaka likapinda. Mmoja akapenyeza mkono wenye panga, na nondo ikauvunja. Walikuwa bado wakipiga askari walipowazunguka. Wanane walikamatwa.

Jioni ile ami, bega likiwa bado na bandeji, alimkalisha Mwepesi karibu naye.

"Binti yangu, sikukasirikii kwa kupenda mbio. Sikiliza lakini. Shangazi yako alikuwa na njia mbili, nawe kwa neno moja la uongo ulimchagulia. Anayepima ndiye jicho la wote, na jicho likidanganya, mwili mzima hutumbukia. Siku nyingine ukiwa hujapima, sema hujapima. Hapo hakuna atakayekufa."

"Nimesikia, ami," akasema, na machozi yakamtoka.

Mola awarehemu fundi simu na mpaka rangi, awapanulie makaburi yao. Na waliobaki, mjane na yatima wanne, mshona viatu na mikono yake, shangazi, ami na binti huyu, awalinde wanapoketi na wanapotembea, awape riziki ya amani na ndimi zisizoona haya kusema kweli. Amin.