Gia Nne au Gia Tano?

Siku hiyo Lineo alikuwa ameshachota maji, amewasha moto wa samadi kavu na kukoroga uji wa mtama kabla mama yake hajaamka. Zamani mama ndiye aliyekuwa akitangulia. Lakini sasa Mama Lineo alikuwa na mimba ya miezi minane, na miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu vilimkataa.

"Gari limepona?" mama aliuliza kutoka kitandani, kama alivyouliza jana na juzi.

"Bado, Mama. Leo ndiyo pitso."

Pitso ni mkutano wa kijiji chetu, na kwetu kila jambo huamuliwa pale, hata lile ambalo hakuna anayelijua. Jambo la leo lilikuwa giaboksi ya gari la kijiji, iliyokuwa imevunjika.

Gari letu ni la zamani, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Tulilinunua kwa sufu ya kondoo wetu, nalo peke yake ndilo lililoweza kupanda mlima hadi hospitali iliyo upande wa pili. Barabara ya maana hatuna. Tuliahidiwa tangu bibi yangu akiwa msichana. Waliokuja na ramani walikula kondoo wetu, wakakunja ramani, wakaenda zao. Sijasahau. Sijasahau pia kwamba mwaka uliopita, gari likiwa bovu, mwanamke mmoja alipandishwa farasi akiwa na uchungu. Alijifungulia juu ya mawe, katikati ya mlima. Mtoto hakulia.

Lineo naye hakusahau. Ndiyo maana aliacha vyombo bila kuviosha, akaenda kwenye pitso.

Nje ya boma la Mama Tumelo, Chifu wetu, watu walikuwa wamejifunga mablanketi yao, wamezunguka lori la Ntate Phakiso, kwani kwetu kila mwanamume mzima ni ntate, yaani baba. Huyu hupanda kutoka mjini kununua kondoo, na safari hii alikuwa amebeba giaboksi mbili kuukuu ili tuchague moja. Zote mbili zilikuwa chini, juu ya gunia, zikivuja mafuta meusi.

"Hii ni ya gia nne," alisema Ntate Phakiso. "Hii ya gia tano. Zote zinaingia kwenye gari lenu, dereva wenu ameshapima. Lakini ya tano ndiyo ya kisasa. Uwiano wake mzuri, safu zake nzuri, mhimili wake mzuri."

Tuliitikia kwa vichwa. Uwiano! Safu! Dereva wetu, Ntate Ramakatsa, aliitikia kuliko wote.

"Tano ni nyingi kuliko nne," alisema mzee mmoja. "Hata mbuzi anajua."

"Na hiyo ya tano inakwenda wapi?" aliuliza mwingine. "Ikifika mwisho inarudi?"

"Inarudi kwa mkeo!"

Watu wakacheka. Mmoja akasema binamu yake ana gari la gia tano na halijawahi kuharibika. Jirani yake akamkumbusha kwamba gari hilo liliungua. Mwingine aliuliza kama giaboksi ya nne ina magurudumu manne ndani yake. Wakapandishiana sauti, na kila aliyeongeza neno aliongeza giza. Lineo alisikiliza mpaka kichwa kikamuuma. Akaona wote wanaelewa isipokuwa yeye.

"Wanaotaka ya tano wanyooshe mikono," alisema Chifu.

Mikono ikaanza kupanda. Lineo akanyoosha wake.

"Watoto hawapigi kura," alisema Chifu.

"Sipigi kura, Chifu. Sijaelewa."

Khauhelo, mvulana wa darasa lake, akamvuta blanketi. "Kaa chini wewe, Profesa wa Samadi! Unatuaibisha."

"Mwacheni," alisema Chifu. "Hujaelewa nini, binti?"

Lineo akazielekea giaboksi. "Gia ya tano kazi yake nini?"

"Mbio," alijibu Ntate Phakiso. "Barabara ya lami."

"Na ya kupanda mlima?"

"Ya kwanza."

"Basi, gia ya kwanza ya hii na ya kwanza ya ile ni sawasawa?"

"Ya kwanza ni ya kwanza," alisema Ntate Phakiso.

Watu wote wakamgeukia dereva. Ntate Ramakatsa akavua kofia.

"Jamani, hata mimi sijui," alisema. "Nilikuwa naitikia tu. Miaka yote nimeendesha, lakini ndani ya chuma hiki sijui kuna nini. Tuzungushe tuone."

Aliweka kila giaboksi kwenye gia ya kwanza, akatia alama kwa udongo mweupe kwenye mhimili wa mbele, unaopokea nguvu ya injini, na wa nyuma, unaoipeleka kwenye magurudumu. Lineo akapiga magoti, akazungusha ule wa mbele. Kwenye giaboksi ya gia nne alizungusha karibu mara tano ndipo wa nyuma ukamaliza mzunguko mmoja. Kwenye ya gia tano, mara tatu na nusu tu.

"Mmeona?" alipiga kelele Khauhelo. "Ya tano inazunguka haraka! Ndiyo yenye nguvu!"

"Hapana, ile nyingine!"

"Nguvu ni haraka au ni polepole?"

Lineo alishika kichwa kwa mikono yenye mafuta. Alikuwa ameona kwa macho yake, na bado hakuelewa.

Ndipo Mama Lineo, aliyekuwa amejikokota hadi pale na kuegemea ukuta, akasema, "Farasi akibeba magunia mlimani, hatua zake anazirefusha au anazifupisha?"

"Anazifupisha, Mama."

"Ukimlazimisha azirefushe?"

"Anachoka. Anasimama."

Dereva akapiga paja lake. "Injini yetu ndiyo farasi, tena mzee! Acha izunguke sana, gurudumu lisogee kidogo. Gia nne!"

"Hata mimi sikujua," alisema Ntate Phakiso. "Mimi nauza chuma. Najua bei tu."

"Na bei ya tano ndiyo kubwa," alisema Chifu, na watu wakacheka hadi Ntate Phakiso mwenyewe akacheka.

Uchungu ulimshika Mama Lineo asubuhi moja yenye theluji nyepesi. Gari, sasa likiwa na giaboksi ya gia nne, lilipanda likinguruma kwenye gia ya kwanza, polepole hata mtu wa miguu angelipita. Halikusimama. Mtoto alizaliwa hospitalini, wa kike, naye alilia mpaka manesi wakaziba masikio.

Kwenye pitso iliyofuata Chifu alimsimamisha Lineo mbele ya wote.

"Wanunuzi wa sufu walipokuja na mizani zao, tuliitikia kwa vichwa," alisema. "Wenye migodi walipotuambia imefungwa, na vijana wetu waliofanya kazi huko warudi mikono mitupu, tuliitikia. Hatukuwa wajinga. Tuliona aibu kuuliza, na wao walijua tunaona aibu. Mtoto huyu alichekwa, lakini aliuliza, na ndiyo maana mdogo wake yuko hai. Kuanzia leo, kabla ya kupiga kura yoyote, nitawauliza: nani hajaelewa? Na mimi nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono."