Meza ya Watu Wanne

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, msichana aliyeitwa Katibu alifuta meza ya sebuleni kwa kitambaa kikavu na kukaa kuandika. Jina hilo alipewa na baba yake, kwa sababu mwandiko wake ulisomeka vizuri kuliko wa mtu yeyote nyumbani. Yeye ndiye aliyejaza fomu za shule, fomu za kliniki za Bibi, na barua ambazo baba yake aliwapelekea wateja. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi hiyo aliipenda kama wenzake walivyopenda mpira.

Baba yake alikuwa fundi wa magodoro na viti. Mwaka ule alikuwa ameshona upya magodoro na viti vyote vya meli moja ya abiria. Wenye meli waliridhika na kazi yake, wakampa zawadi: safari ya siku nne baharini, yeye na familia yake. Fomu ilipofika, watu wote watano wa nyumba ile walisogeza viti mezani. Katibu alitoa penseli, kwa maana desturi yake ilikuwa kuandika kwanza kwa penseli, watu wakubaliane, kisha kesho yake kuandika juu yake kwa wino na kufuta penseli.

Fomu ilikuwa na mengi ya kuchagua. Kulikuwa na vyumba viwili vilivyotengwa kwa ajili yao. Kimoja kilikuwa cha ndani, vitanda viwili, hakina dirisha. Baba alisema anakijua, na kwamba kulala humo ni kama kulala kabatini, ila godoro lake ni zuri, alilishona mwenyewe. Basi yeye na Mama wangelala huko. Chumba cha pili kilikuwa na dirisha la duara na vitanda vitatu. Hicho kingekuwa cha Bibi na wasichana wawili. Kitanda cha kwanza kilikuwa chini ya dirisha kabisa, cha pili ukutani, na cha tatu juu ya cha pili, cha kupanda kwa ngazi.

Katibu alikuwa ameshakiona kile kitanda cha kwanza kichwani mwake. Alijiona amelala kifudifudi, kidevu mikononi, anatazama maji.

"Cha dirishani mwandike Kimya," Mama alisema.

Penseli ilisimama. Kimya, ambaye alikuwa amekaa kiti cha pembeni, hakusema neno. Ndiyo maana aliitwa Kimya. Alikuwa mtoto wa mama mdogo, yaani mdogo wake Mama, na alikuwa amekaa nao miezi saba tangu mama yake alipokwenda kufanya kazi mbali. Alikuwa na umri uleule wa Katibu, na walilala chumba kimoja.

Katibu aliandika jina la Kimya, lakini moyo wake ulikuwa unachemka. Tangu Kimya aje, kila kitu kilianzia kwake. Jumamosi, Mama aliposuka nywele, alianza na Kimya, na mpaka zamu ya Katibu ifike mikono ya Mama ilikuwa imechoka na msuko ulikuwa wa harakaharaka. Viatu vipya alinunuliwa Kimya, kwa sababu vyake vilikuwa vimebana. Bibi alipotaka kusomewa karatasi ya dawa zake, alimwita Kimya. Hata Baba, mtu asiyebagua, alikuwa amemshonea Kimya mto wenye maua.

Wakaendelea. Chakula cha jioni kilikuwa na zamu mbili. Walichagua zamu ya mapema, kwa sababu dawa ya Bibi hutakiwa kunywewa pamoja na chakula, na chakula chake kikaandikwa kisiwe na chumvi. Kisha ikaja habari ya meza. Meza za dirishani zilikuwa za watu wanne, nao walikuwa watano. Mama aliuliza kama haiwezekani kuongeza kiti. Baba akacheka. Alisema viti vile vimefungwa sakafuni kwa bolti ili visitembee meli ikiyumba, na kwamba aliumia magoti akivishona vikiwa palepale.

"Mimi nitakaa meza ya kumi na moja, kule kwingine," Baba akasema. "Nitapata watu wapya wa kuwasimulia hadithi zangu. Nyie mmezichoka."

"Tumezichoka kweli," Bibi akamjibu mwanawe, na wote wakacheka, isipokuwa Katibu.

Mama aliweka sahihi yake ukurasa wa mwisho, akamwambia Katibu amalizie kwa wino kesho, kisha Baba atamkabidhi bahasha dada wa tiketi, yule wa ofisi ya meli, atakapopita njia ile.

Kesho yake alasiri Katibu alikuwa peke yake mezani. Kimya alikuwa uani anaanika nguo, za kwake na za Katibu pia, ingawa haikuwa zamu yake. Katibu aliandika majina ya Baba na Mama kwa wino. Akaandika la Bibi. Alipofika kitanda cha dirishani, akaandika jina lake mwenyewe, na kumpeleka Kimya kitanda cha juu. Aliona mkono wake umefanya jambo jepesi sana. Na kwa sababu lilikuwa jepesi, akaongeza la pili. Mahali pa chakula, akamrudisha Baba pamoja na familia, na kwenye meza ya kumi na moja akaandika Kimya. Kisha akafuta penseli mpaka karatasi ikawa safi, akapuliza vumbi la kifutio.

Alitegemea kufurahi. Siku ile hakufurahi, wala siku zilizofuata. Kimya alimuuliza kama atapenda waweke nguo zao begi moja, ili wasihangaike na mabegi mawili. Akamwachia nafasi kubwa ya upande wa zipu. Katibu aliitikia huku anatazama pembeni.

Ijumaa, siku ya safari, walikwenda wote na mabegi yao kuchukua tiketi. Ofisi ilikuwa chumba kirefu chenye benchi la mbao, feni inayolia kwa kusuasua, na picha ya meli ukutani. Dada wa tiketi alimwona Bibi anasimama kwa shida, akatoka nyuma ya kaunta na kumletea kiti chake mwenyewe. Yeye akabaki amesimama. Akaeleza utaratibu wao: angesoma kitanda na meza ya kila abiria, na kila mmoja, hata mtoto, angejibu mwenyewe kwamba ndivyo. Baada ya hapo tiketi zingepigwa chapa, na vitanda havibadiliki tena, kwa kuwa meli imejaa.

Katibu hakujua utaratibu huo.

Dada alianza na Bibi. Kitanda cha ukutani, meza ya dirishani, chakula bila chumvi. Bibi akasema ndivyo. Kisha akamsoma Kimya.

"Kitanda cha juu. Chakula, meza ya kumi na moja. Ndivyo?"

"Ndiyo," Kimya akasema.

Alilisema upesi, kama mtu anayeitika jina lake darasani.

Mama akainua mkono. Kwa upole akamwambia dada wa tiketi kwamba lazima pana makosa, kwani huyu mtoto ni wa kitanda cha dirishani, na anayekaa meza ya kumi na moja ni mume wake. Dada aliona aibu. Alisema huenda ameikosea wakati wa kuinakili, kwamba ana wiki mbili tu pale, na akaomba wamsubiri akaitafute fomu yenyewe kwenye faili la chumba cha nyuma. Kabla hajageuka, Kimya akamshika Mama kanga.

"Mama Mkubwa, hajakosea," alisema. "Mimi naona ni sawa. Nilifikiri mmeshaamua wakati mimi niko uani." Kisha akamgeukia dada wa tiketi. "Ukikaa meza ya kumi na moja, unawaona wa meza ya dirishani? Hata kwa mbali?"

Dada alisema ataitazama ramani ya meli, akaingia chumba cha nyuma.

Feni iliendelea kulia. Baba alimtazama Katibu. Alikuwa ameshaelewa, kwa kuwa baba huelewa, lakini alimwonea huruma. Akamwinamia na kusema polepole, "Labda uliandika umechoka, mwanangu. Mkono huteleza."

Mlango ulikuwa wazi mbele yake. Angesema ndiyo, mkono uliteleza, na mambo yangeishia pale. Hakuna ambaye angemgombeza. Lakini alimwona Kimya amesimama na begi lao moja miguuni, bado anasubiri kuambiwa kama atawaona.

"Mkono haukuteleza, Baba," Katibu alisema. "Niliandika makusudi."

Alieleza alivyofuta penseli, na alivyotaka kitanda cha dirishani, na alivyochoka kuona kila kitu kinaanza na Kimya, hata kusukwa nywele. Akasema na lile la meza pia, ambalo lilikuwa gumu zaidi, maana la kitanda alikuwa anataka kitu, lakini la meza hakuwa anataka kitu chochote ila Kimya asiwepo. Alipofika hapo akalia.

Dada wa tiketi alirudi na faili na ramani, akawakuta hivyo. Katibu alijifuta uso akamwambia, "Samahani, dada. Wewe hukukosea. Ni mimi."

Dada aliweka faili juu ya kaunta bila kulifungua. "Ahsante kwa kuniambia," alisema. "Nilikuwa nimeanza kutetemeka."

Mama hakumfokea Katibu, lakini uso wake ulikuwa na uchungu. Alimwambia kwamba Kimya aliwekwa dirishani kwa sababu hewa ya mahali palipofungwa humtapisha, kama ilivyokuwa siku ile aliyoletwa kwa basi. Alisema alipaswa kulieleza hilo siku ileile ya fomu. Na kuhusu nywele, alisema Kimya husukwa kwanza kwa sababu humkumbuka mama yake zaidi Jumamosi, lakini hakujua kama kuna mtu anayehesabu.

"Nilikuwa nahesabu," Katibu akasema.

"Basi ungeniambia, mwanangu. Mimi nina mikono miwili tu, lakini masikio ninayo."

Ilibaki habari ya meza. Katibu alisema yeye atakaa ya kumi na moja. Baba akasema hapana, atakaa yeye kama walivyopanga. Bibi, aliyekuwa ametulia kwenye kiti cha dada wa tiketi, aliuliza kama meli nzima haina meza kubwa zaidi. Dada akafunua ramani, akaweka kidole. Zilikuwepo, za watu sita, lakini ziko karibu na mlango wa jikoni. Hazina dirisha, na masufuria yanagongana wakati wote. Wasafiri huzikataa, ndiyo maana hata kwenye fomu haziandikwi.

"Chakula kitafika cha moto," Baba akasema.

"Na hadithi zako hazitasikika vizuri," Bibi akasema. "Tupe hiyo, mjukuu wangu."

Dada akachukua fomu mpya. Mama hakumpa mtu mwingine kalamu. Alimpa Katibu, akamwambia aandike upya, safari hii kwa wino moja kwa moja, mbele ya watu wote, na jina lisomwe kwa sauti kabla ya kuandikwa. Katibu aliandika polepole. Alipofika kitanda cha dirishani, alimwandika Kimya. Wivu haukuwa umekwisha. Aliusikia bado umekaa kifuani, mdogo, mkaidi, lakini sasa alikuwa anauona na kuujua, na mkono wake ukaendelea kuandika.

Nje, wakielekea bandarini, Kimya alitembea kando yake. Walibeba begi pamoja, kila mmoja mshikio wake. Walipofika kona ya duka la vitabu, Kimya akasema, "Ungeniomba kile kitanda, ningekupa."

"Na kutapika je?"

"Ningekutapikia wewe."

Katibu alicheka huku pua yake bado imeziba kwa machozi. Kimya hakucheka, lakini alisogea karibu kidogo ili begi lisiyumbe.

Bibi alikuwa nyuma yao, ameshika mkono wa Mama. Alimwita Katibu, naye akamwachia Kimya begi akarudi. Bibi alitembea naye hatua kadhaa kabla ya kusema.

"Leo umesema kweli wakati ulipewa nafasi ya kudanganya. Hilo nimeliona, na sitalisahau. Wivu nao humjia kila mtu. Mimi mwenyewe niliwahi kumwonea wivu dada yangu kwa sababu ya gauni. Ukikujia, uje useme, tukae nao sote. Ukiufungia ndani, utakushika mkono uandike usiyoyataka."

"Ndiyo, Bibi."

"Na jingine." Bibi alisimama kuvuta pumzi, akamtazama Kimya aliyekuwa mbele yao amewasubiri na begi zito. "Umesikia alivyosema ndiyo? Upesi vile? Mtoto akikubali upesi hivyo kuwekwa peke yake, usidhani haumii. Ujue amezoea kusogezwa. Kazi yetu sisi ni kumzoesha kukaa. Sasa nenda ukamsaidie begi."