Kibuyu cha Kisiwa cha Tatu

Kibuyu hakikukauka. Mukandori alikipangusa kwa kitambaa jioni, asubuhi akakianika uani kwake pale Karuba, na jua la Masisi likiamua kuwaka linawaka kweli. Lakini saa sita alipokigusa kilikuwa kimelowa chapachapa. Akakinusa. Kilinuka tope na samaki. Akajisemea labda ndiyo kawaida ya vibuyu vya watu wa ziwani, mtu wa milimani atajuaje? Akakirudisha juu ya kabati, akaenda kupalilia maharage yake.

Lazima mumjue kwanza huyu mama, maana msipomjua mtamlaumu bure. Ukimpelekea Mukandori sahani ya mboga, sahani inarudi na mayai. Ukimwazima ndoo, ndoo inarudi na maziwa ndani. Kwao chombo cha watu hakirudishwi tupu. Kukirudisha tupu ni kumwambia mwenzako: mimi na wewe basi, tusiazimane tena, tusijuane. Mama yake alimfundisha hivyo kwa maneno na kwa fimbo, na kwa miaka yake yote arobaini na mitatu hakuna mtu Karuba nzima aliyepokea chombo tupu kutoka mkononi mwake. Alijivunia jambo hilo kuliko ng'ombe wa mumewe. Na haki yake, ajivunie.

Sasa sikieni kibuyu kilivyofika.

Siku moja kabla ya hapo, kikundi chao cha mama walima viazi kilikwenda kutembea ziwani. Wazo lilikuwa la Emérita, prezidanti wao, mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio mlima wa pili. "Kila siku tunaangalia lile ziwa toka huku juu," alisema. "Mwaka huu tutaingia ndani. Sisi pia tufanye turisme!" Barabara ilikuwa wazi wiki ile, na nani angengoja wiki nyingine? Wakateremka hadi ufukweni, chini ya mji wa Sake, wakapanda pirogi, mtumbwi wa motere, ya mzee mmoja aitwaye Albert. Visiwa vitatu, na kurudi kabla ya saa saba. Mukandori alimbeba binti yake Uwimbabazi, mwenye miaka saba. Alikuwa amezika watoto wawili kabla ya huyo, kwa hiyo hakuwa na desturi ya kumwacha nyuma.

Mwanzoni mama wote walishika majile yao ya kuelea kwa mikono miwili na kumtaja Yesu kila pirogi ilipoyumba. Kufikia kisiwa cha kwanza, cha mananasi na migomba, walikuwa wakicheka. Kwenye cha pili waliangalia ndege weupe na kula sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, za kukaanga zenye chumvi nyingi, na baada ya hapo wakaimba. Watoto wa milimani hao, wamezoea ziwa kwa saa mbili tu!

"Hapa hatushuke," Albert alisema walipokaribia cha tatu, kisiwa kidogo chenye miti iliyoinama hadi majini. "Tunazunguka tu, tunarudi."

"Papa Albert, zima motere kidogo," Emérita alisema. "Nataka foto."

Motere ikazimwa. Papo hapo Uwimbabazi akaanza kulia kiu. Ile chumvi ya sambaza! Na maji ya kunywa yalikuwa yameisha kitambo. Mukandori alikuwa akimbembeleza aliposikia sauti ya upole ikitoka ufukweni.

"Mutoto ana kiu, dada. Mupe anywe."

Mwanamke alikuwa amesimama majini hadi magotini, amenyoosha kibuyu. Kitenge chake kiligusa maji na hakikulowa. Mukandori aliliona hilo, lakini mkono wake ulitangulia akili. Mtoto akanywa yote bila kupumua. Mukandori akataka kurudisha kibuyu, akakiona kitupu, akaona haya. Sambaza zilikuwa zimeisha. Mananasi yalikuwa chini ya mizigo ya wengine.

"Aksanti, dada," alisema. "Siwezi kukurudishia tupu. Nitakileta siku ingine, na kitu ndani."

Yule mwanamke akatabasamu. "Nitangoja, jirani. Usikirudishe tupu."

Albert alivuta kamba ya motere mara tatu kwa haraka, akawapeleka hadi katikati ya ziwa. Ndipo akageuka.

"Mama, pale hapaishi muntu. Tupa kile kibuyu."

"Nitupe kitu cha watu?" Mukandori alishangaa. "Papa Albert, kwenu hamukufundishwa?"

Mama wote wakacheka. Albert hakucheka.

Basi, ndicho hicho kibuyu kilichokataa kukauka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini kibuyu utakipaje jembe? Siku ya tatu Mukandori alikijaza maharage mekundu ya kuchagua, ili kingoje siku ya kurudishwa kikiwa tayari. Siku ya nne saa tisa mchana ukungu uliteremka mlimani kama kawaida yake, na ulipoinuka maharage hayakuwemo. Ndani ya kibuyu mlikuwa na maji ya ziwa, kiasi cha kikombe.

"Nani amechezea kibuyu?" aliuliza.

Evode, mumewe, alitikisa kichwa. Uwimbabazi alikuwa ameinamia bidoni ya maji, anakunywa.

Mukandori alimwaga yale maji akajisuta mwenyewe. Maharage ni kidogo, aliwaza. Huyu dada alinipa maji ya kuokoa mtoto, mimi nampa maharage? Akatia jibini. Kesho yake saa tisa ukungu ulishuka, jibini ikatoweka, maji yakarudi, yamezidi ya jana. Akatia maziwa na siagi. Vikatoweka. Na kila siku mtoto alizidi kunywa, midomo ikampasuka kama ya mtu aliyelala jangwani, na Mukandori alipomfunga mgongoni alihisi kitu kilichomtia baridi moyoni. Mtoto alikuwa mwepesi. Jana alikuwa na uzito wake, leo alikuwa kama furushi la nguo.

Siku ya saba ukungu ulikuja mapema, mzito, ukaficha zizi, ukaficha mti wa parachichi, ukafika mlangoni. Walikuwa watatu ndani. Kuku walinyamaza. Halafu ikaja ile harufu, tope na samaki, na nje wakasikia nyayo zilizolowa zikipiga udongo mkavu, taratibu, chap, chap, za mtu asiye na haraka.

"Hodi, jirani," sauti ya upole ilisema. "Aksanti kwa siagi. Bado hakijajaa."

Mukandori alifungua kinywa. Mtu akipiga hodi hujibiwa karibu, ndivyo alivyolelewa. Evode alimziba mdomo kwa kiganja.

"Usijibu," alinong'ona. "Mama Uwi, minakuomba, usijibu."

"Anapiga hodi."

"Niko nasikia! Usijibu!"

Wakakaa hivyo, kiganja cha mume mdomoni mwa mke, na nyayo zikizunguka nyumba mara moja na mara ya pili na mara ya tatu, zikisimama kila zilipofika kwenye ukuta ambao mtoto amelala nyuma yake, na kila ziliposimama mtoto akakohoa, mpaka akakohoa kwa nguvu akiwa ameshika kifua, na kitu cheupe kikamtoka kinywani kikaanguka mkekani, kikaruka, kikaruka tena, na Mukandori akainama na kukiona ni sambaza, mbichi, hai, inafungua na kufunga mdomo wake mdogo.

Kabla ya jua kuzama walikuwa njiani kwenda Mushaki, mtoto mgongoni, kibuyu ndani ya gunia.

Kule Mushaki aliishi Mama Joséphine-Marie, mwanamke wa Walikale aliyekimbia vita vya porini miaka mingi nyuma. Jumapili aliimba kanisani na siku zingine alitibu kwa mambo aliyoachiwa na bibi yake, na padri alijua na kunyamaza. Hakuchoma ubani, hakupiga ngoma. Alimpakata mtoto kwa mkono mmoja, akainua kibuyu kwa mwingine, akakaa akipima kwa muda mrefu.

"Vinakaribia kulingana," alisema. "Kibuyu kinaongezeka, mutoto anapunguka. Ulitia nini ndani?"

Mukandori akamweleza yote.

"Kumbe ni wewe njo unailisha hii kitu! Unatia kitu, yenyewe inarudisha maji. Unatia tena, inarudisha tena. Ni huo njo ujirani wake. Na siku kitajaa, ni mutoto njo atakuwa amekijaza."

"Nipe dawa, mama. Chochote. Ng'ombe tunayo."

"Dawa siko nayo. Hii kitu haikukushika kwa dhambi. Ilikushika kwa adabu yako." Mama Joséphine-Marie akamrudishia kibuyu. "Mupelekee mwenyewe, mukono kwa mukono. Tupu."

"Tupu?" Mukandori alisimama. "Mimi? Nirudishe chombo tupu?"

Mnaweza kumcheka. Mwacheni. Kila mtu ana kitu kimoja alichoshikilia maisha yake yote ili ajione ni mtu, na yeye alikuwa anaambiwa akiachie. Kisha Uwimbabazi akasema mgongoni, kwa sauti iliyokauka, "Mama, kiu," na hasira ikampanda Mukandori toka miguuni hadi kichwani, hasira ambayo hakuwahi kujua anayo. Miaka arobaini na mitatu ya mayai na maziwa na siagi, na leo jirani anataka mtoto!

"Tunateremka kesho," alisema.

Emérita aliposikia alikusanya mama wote wa kikundi. "Tulienda pamoja kwa turisme," alisema. "Hata hii tutaenda pamoja. Foto niliitaka mimi." Albert alikataa mara mbili. Mara ya tatu alimwangalia mtoto, akaenda kutafuta mafuta ya motere.

Ilikuwa saa nne, jua kali, ziwa limetulia. Pita kisiwa cha mananasi, pita kisiwa cha ndege, hakuna aliyeimba. Kwenye cha tatu motere ilizimika yenyewe, na harufu ikawajia. Mwanamke alikuwa amesimama palepale, maji magotini, mikono miwili imenyooshwa kama anayepokea zawadi ya arusi.

"Umekuja, jirani," alisema. "Nilijua. Nilisema, huyu mama alilelewa. Umeniletea nini?"

Mukandori akasimama, pirogi ikayumba. Mtoto mgongoni hakuwa na uzito wowote. Akachomoa kifuniko cha kibuyu na kumwaga maji yote ziwani, tone hadi tone. Akakipindua, akakipiga kitako mara tatu ili kila mtu asikie.

"Hakuna kitu," alisema. "Nimekurudishia tupu."

Mawimbi madogo yaliacha kupiga mbao.

"Umesahau, dada," mwanamke alisema, bado kwa upole. "Tafuta vizuri. Hata kitu kidogo."

"Sikusahau. Kitu kiko, na sikupi."

"Mbele ya wenzako wote? Watasema nini Karuba? Kwamba Mukandori anarudisha vyombo vya watu tupu?"

"Waseme! Nenda ukawaambie mwenyewe, nyumba kwa nyumba, jina langu unalijua!"

"Mama yako angesikia haya," mwanamke alisema, na sasa sauti haikuwa yake, ilikuwa sauti ya mwanamke mzee mwenye kikohozi, sauti ambayo Mukandori aliisikia kwa mara ya mwisho pembeni ya kitanda cha mauti miaka kumi na moja iliyopita, ikimwita kwa jina la utotoni, ikimwambia mwanangu usiniaibishe, weka kitu, weka hata unywele mmoja wa huyo mtoto, hata ukucha, nitatazamaje watu huku niliko, na mkono wa Mukandori, mkono uleule uliotangulia akili siku ya kwanza, ukaanza kupanda kuelekea kichwa cha mtoto. Emérita akaushika.

Mukandori akavuta pumzi.

"Mama yangu alikufa na adabu yake," alisema, akilia na kupiga kelele pamoja. "Mutoto wangu ataishi bila! Mimi na wewe basi! Hatuazimane tena, hatujuane! Chukua kitu chako!"

Akakitia kibuyu katika mikono ile miwili. Mikono ikakifumbata. Mwanamke akachungulia ndani ya chombo kitupu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetukanwa hadharani. Alirudi nyuma hatua moja, ya pili, maji yakafika kiunoni, kifuani, kidevuni. Kitenge chake kililowa. Kisha ziwa likawa ziwa.

Mzigo ukamrudia Mukandori mgongoni ghafla hadi akakaa chini kwa kishindo.

"Mama," Uwimbabazi alisema, "niko na njaa."

Mama wote wakapasuka kwa kilio na kicheko, wakagombania kumpa nanasi, na Albert akaketi na kushika kichwa chake kwa mikono miwili.

Habari ilifika Karuba kabla yao. Hadi leo kuna wanaomwita Mama Tupu sokoni, na watoto wakorofi wanampigia masufuria kitako akipita. Yeye anacheka na kuwaambia, njooni mniazime basi muone. Sahani zenu bado anazirudisha na mayai, msiwe na wasiwasi. Ila siku hizi anauliza kwanza sahani ni ya nani.

Asubuhi moja ya ukungu, miezi mitatu baadaye, alikuta juu ya kabati, pale kilipokaa kibuyu, duara la maji, bado halijakauka, la ukubwa wa kitako cha chombo hicho. Lilinuka tope. Mtoto alikuwa uani anacheza kamba, mzima, mzito. Mukandori alichukua sufuria yake kubwa kuliko zote, akaipindua juu ya duara lile, akaipiga kitako mara tatu, kisha akachukua jembe akaenda shambani.